Bunduki ya Marisau Katika Mahandaki ya Ufaransa

Tarehe 19 Septemba 1918 Serikali ya Ujerumani iliilalamikia Marekani juu ya silaha moja iliyotumiwa katika mahandaki ya Ufaransa. Haikuwa mzinga, bali bunduki ya marisau, ambayo watu wengi waliijua kwa kuwindia ndege. Wajerumani walisema kwamba mfungwa yeyote atakayeonekana nayo, au na risasi zake, atauawa.

Yafaa kwanza tutazame jinsi silaha zinavyojeruhi. Bunduki ya askari wa Marekani ilitoa risasi moja nyembamba, iendayo zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Kwa mwendo huo risasi husukuma nyama pande zote, hata jeraha la ndani likawa kubwa kuliko tundu lake. Risasi ya bastola yao ilikuwa nene, lakini mwendo wake kama mita 250 tu. Hutoboa njia yake, wala haiharibu sana kando yake. Bunduki ya marisau ilitoa kwa mpigo mmoja risasi 9 za mviringo. Kila moja peke yake si kubwa. Lakini kwa hatua kumi zote humpata mtu mmoja, naye huwa kama aliyepigwa bastola mara 9 pamoja. Zikipita mita 50 hutawanyika na kulegea, hali risasi ya bunduki ya askari huua mbali zaidi ya hapo.

Wajerumani walishika Mapatano ya Hague ya 1907, yanayokataza silaha za kutia maumivu yasiyo ya lazima. Robert Lansing, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alijibu kwamba marisau hayakukatazwa, na kwamba wafungwa wakiuawa, Marekani nayo italipiza. Hatuna habari ya mfungwa hata mmoja aliyeuawa kwa ajili hiyo. Tarehe 11 Novemba vita vilikoma.

Tukumbuke kwamba Wajerumani hao hao walifungulia hewa ya sumu huko Ypres mwaka 1915. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Aghalabu watu huita ukatili silaha ya adui, na ya kwao huiita desturi ya vita. Basi anayetaka kuhukumu kwa haki na alitazame jeraha, asimtazame mwenye silaha.