Joto kali laweza kuua: Tambua dalili, uchukue hatua mapema

WAKAZI wa Lodwar, Garissa na Mombasa wamezoea jua kali. Hata hivyo, mazoea hayamkingi mtu dhidi ya kiharusi cha joto, hali ambapo joto la mwili hupanda hadi nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi na ubongo ukaanza kuathirika.

Mgonjwa huumwa na kichwa, hutapika, hupepesuka, huweweseka, hushikwa na degedege au huzirai. Ngozi huwa moto. Yaweza kuwa kavu au yenye jasho, hivyo jasho lisikuhadae.

Itisha gari la wagonjwa mara moja. Huku ukisubiri, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji baridi na umpepee bila kukoma. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyezirai asinyweshwe chochote, na tembe za kushusha homa hazimfai.

Ili kujikinga, kunywa maji kabla ya kuhisi kiu na ufanye kazi za sulubu asubuhi au jioni. Kamwe usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa. Wazee wanaoishi pekee nao watembelewe, kwani huenda wasihisi kiu hata miili yao inapokaukiwa.