Hewa Ukaa, Kaboni na Bei Yake: Bunge Linajadili Kitu Gani?

Mbunge anasimama Dodoma na kuuliza lini wananchi wa jimbo lake wataanza kunufaika na biashara ya hewa ukaa. Waziri anamjibu kwa kutaja Kanuni za Biashara ya Kaboni za mwaka 2022. Swali lina neno lake, jibu lina neno lake, na hakuna anayeomba mwongozo wa Spika, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuyachukulia maneno hayo mawili kuwa kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kati ya tani ya kaboni na tani ya hewa ukaa kuna tofauti ya karibu mara nne, na wanaoweza kuumizwa na tofauti hiyo ni wenye misitu, wakiwamo jirani zetu wa huku Ziwa Tanganyika.

Tuanzie kwenye mkaa, maana neno lenyewe limetoka huko. Ukipita Buzebazeba, mtaa wa huku kwetu ziwani, asubuhi unaukuta umepangwa kwenye makopo mbele ya nyumba, na mtoto ametumwa kopo moja la kuchemshia chai na kubandika maharage. Mkaa, makaa, kaa la moto, ukaa: mzizi ni ule ule. Waliochagua kuiita kaboni "ukaa" walipita njia waliyopita Warumi, ambao "carbo" yao ilikuwa mkaa huu huu wa jikoni. Chaguo zuri, na mimi nalipenda. Lakini mkaa ulio kwenye kopo bado ni kaboni, yaani kitu kigumu unachokishika kikakuchafua vidole. Hewa ukaa ni kaboni ile ile ikiwa imeshaungua, ikashikana na oksijeni na kupaa.

Hesabu yake haimtishi mtu aliyemaliza kidato cha pili. Kaboni ina uzito wa 12. Inapoungua hubeba oksijeni mbili, kila moja ikiwa na 16. Jumla 44. Kilo 12 za kaboni zikiungua vizuri hutoa kilo 44 za hewa ukaa. Watu hushangaa: inakuwaje kinachotoka jikoni kiwe kizito kuliko kilichowekwa? Uzito uliozidi umetoka kwenye hewa iliyopulizwa na ule upepeo wa mkono.

Sasa, katika masoko ya dunia bei hupangwa kwa tani ya hewa ukaa, ingawa kwa mazoea huitwa bei ya kaboni. Mtaalamu akikiambia kijiji kwamba miti yake imehifadhi tani 1,000 za kaboni, maana yake ni kwamba miti hiyo ikikatwa na kuchomwa yote, zitapanda angani tani 3,667 za hewa ukaa. Kijiji kikisaini karatasi iliyoandikwa tani za kaboni kwa bei iliyotangazwa kwa tani za hewa ukaa, kimejipunja vibaya sana bila mtu kuiba kitu. Ndiyo maana nasema kanuni na mikataba ishikilie neno moja kwa kitu kimoja tangu ukurasa wa kwanza: kaboni ni kile kilichomo ndani ya mti, hewa ukaa ni kile kinachopaa.

Neno "hewa" nalo lina shida yake. Linatufanya tudhani kinachopangiwa bei ni hewa ukaa peke yake, wakati gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, ziko nyingi. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikivuja bila kuungua huongeza joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa, uzito kwa uzito. Kwa kipimo cha miaka 100 huhesabiwa takriban mara 28. Taifa lililogundua gesi ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa chini ya kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara, halipaswi kutumia istilahi inayoisahau methani. Wataalamu huzijumlisha gesi zote kwa kipimo cha "tani sawia za hewa ukaa", na kipimo hicho ndicho kingefaa kusikika bungeni kila mradi wa kusindika gesi ya Lindi unapotajwa.

Tukija kwenye "bei" yenyewe, hapa Kiswahili kina maneno ya kutosha. Tatizo ni kwamba hatuyatumii. Kuna njia tatu za kuiweka. Kuna ya kumtoza anayechafua kwa kila tani. Finland ilianza mwaka 1990, Afrika Kusini mwaka 2019 kwa randi 120 kwa tani. Kuna njia ya serikali kuweka ukomo wa jumla, kisha kugawa au kuuza vibali, viwanda vikauziana vyenyewe; Umoja wa Ulaya unafanya hivyo tangu mwaka 2005. Na kuna njia ya tatu, ya kumlipa mtu aliyezuia tani isipande. Njia mbili za kwanza zinamtoa fedha mfukoni anayechafua kwa lazima ya sheria. Ya tatu, kwa kiasi kikubwa, hutegemea hiari ya mnunuzi. Kanuni zetu za 2022 zimeshughulika hasa na hii ya tatu, na jina "biashara ya kaboni" linaifaa. Haifai jina hilo kufunika zote tatu.

Jina linaweza kuangusha sheria. Australia ilianza kutoza dola 23 za nchi hiyo kwa tani tarehe 1 Julai 2012, chini ya Waziri Mkuu Julia Gillard. Serikali yake iliiita bei. Wapinzani wakaiita kodi, wakamkumbusha kila siku kwamba kabla ya uchaguzi wa 2010 aliahidi kutoweka kodi ya kaboni. Tony Abbott alishinda uchaguzi wa 2013 kwa ahadi ya kuifuta, na mwezi Julai 2014 Bunge likaifuta. Sisi tunalo neno "tozo", na Mtanzania analijua vizuri tangu tozo za miamala ya simu za Julai 2021, zilizozua malalamiko hadi serikali ikazipunguza. Naelewa kwa nini mwanasiasa angelikimbia. Hata hivyo, siku Bunge litakapoletewa muswada wa kumtoza anayechoma dizeli au gesi, uitwe tozo ya hewa ukaa. Bei mtu huweza kuipatana. Tozo haipatanwi, na mpiga kura ana haki ya kulisikia hilo.

Neno linalonikera kuliko yote ni "mikopo ya kaboni". Limetoka kwenye neno la Kiingereza "credit", lenye maana zaidi ya moja, na mfasiri akaokota ile ya benki. Mkopo hurudishwa, tena kwa riba, na asiyerudisha hunyang'anywa alichoweka dhamana. Mwambie mzee wa kijiji kwamba msitu umeingia kwenye mikopo, atakuuliza ardhi imewekwa rehani kwa nani. Atakuwa sahihi kuuliza. Mimi napendekeza "stakabadhi ya hewa ukaa", kwa sababu mkulima wa Tanzania anaijua stakabadhi ghalani: umeleta mzigo, umepimwa, umepewa karatasi inayothibitisha, na karatasi hiyo ndiyo inayouzwa mnadani. Mfano huu una mpaka wake. Mnunuzi wa korosho anaweza kufungua ghala akaona magunia. Mnunuzi wa stakabadhi hii ananunua ukataji ambao haukutokea, na mtu anapaswa kukadiria ungetokea kiasi gani. Ni makadirio hayo yaliyotiliwa shaka sana duniani mwaka 2023, na bei kwenye soko la hiari ikashuka.

Mambo haya hayako mbali na sisi. Ukivuka Mto Malagarasi kuelekea kusini unafika kwenye misitu ya Masito, wilayani Uvinza, makao ya sokwe, ambako Taasisi ya Jane Goodall iliendesha mradi wa majaribio wa MKUHUMI, yaani mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu, kwa fedha za Norway. Ukizidi kushuka unaingia Katavi, kwenye Wilaya ya Tanganyika, na milima ya Ntakata. Huko vijiji 8, Mwese, Katuma na Lugonesi vikiwamo, vimepata mabilioni ya shilingi kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa na kuwalipa askari wa misitu wa vijiji. Kijana anayelala porini akilinda msitu ni mfanyakazi, na ujira wake unategemea karatasi inayouzwa nje ya nchi. Bei ikishuka huko, nani anabeba hasara: kampuni, halmashauri au yeye? Swali hili la mahusiano ya kazi sijaona likipewa uzito kama lile la mgawo wa mapato, na ningependa mbunge wa ukanda huu alibebe.

Lipo pia la ziwani. Vitalu vya kutafuta mafuta vimechorwa kwenye Ziwa Tanganyika, na kampuni ya Beach Energy ya Australia ilisaini mkataba wa kitalu cha kusini mwaka 2010. Kwa taratibu za kimataifa, mafuta au gesi ikiuzwa nje, hewa ukaa inayotoka inapounguzwa huandikwa kwenye hesabu za nchi iliyoichoma. Kinachovuja kwenye kisima, bomba au mtambo wa kusindika huandikwa kwetu. Kwa hiyo muswada wa tozo utakaotaja uchomaji tu utayaacha nje mavujo ya visimani, ya Lindi kwanza, na ya ziwa hili kama siku moja litachimbwa.