Baba na Mwana: Mchezo wa Marekani na Kitabu cha Ukerewe

Tarehe 30 Septemba 1958 shirika la televisheni la ABC huko Marekani lilianza kuonyesha mchezo wa kauboi ulioitwa The Rifleman. Kila sehemu ilichukua nusu saa, nayo ilikuwa ya picha zisizo na rangi. Mchezo uliendelea hata tarehe 8 Aprili 1963, na jumla ya sehemu zake ilitimia 168. Habari zake zahusu mjane aitwaye Lucas McCain, ambaye sura yake iliigizwa na Chuck Connors, pamoja na mwanawe wa pekee, Mark, aliyeigizwa na kijana Johnny Crawford. Wawili hao wanalima na kufuga karibu na mji wa kubuniwa wa North Fork, katika nchi ya New Mexico ya miaka ya 1880. Mama wa mtoto amekwisha kufa kwa ndui. Baba ana bunduki ambayo hufyatua upesi kuliko mtu yeyote, na kwa bunduki hiyo huwashinda wanyang'anyi. Lakini kila kisa kikiisha, humketisha mwanawe na kumweleza haki ni ipi na dhuluma ni ipi. Katika michezo mingi ya namna hiyo shujaa alikuwa mtu mpweke asiye na kwao. Huu ulipendwa kwa sababu shujaa wake alikuwa mzazi.

Katika mwaka huo wa 1958 watu wa Mwanza hawakuuona mchezo huo, wala hawakuwa na njia ya kuuona. Tanganyika haikuwa na televisheni. Kenya ilianza kuwa nayo katika mwaka wa 1962, Uganda katika mwaka wa 1963, na Unguja katika mwaka wa 1973. Tanzania Bara ilingoja hata mwaka wa 1994. Habari za wachunga ng'ombe wa Marekani zilifika mijini kwa njia ya majumba ya sinema, na kutoka huko neno kauboi likaingia katika Kiswahili na kukaa. Baadaye Chuck Connors yuyo huyo aliletwa karibu zaidi kwa hadithi, ingawa si kwa mwili: katika mchezo wa Cowboy in Africa, ulioonyeshwa Marekani mwaka 1967 na 1968, aliigiza kauboi aliyekwenda Kenya kufuga wanyama wa porini, akawa kama baba kwa mtoto yatima wa Kikikuyu aitwaye Samson. Hivyo mfano wa baba na mwana uliobuniwa kwa ajili ya New Mexico ulihamishiwa Afrika ya Mashariki, na mtoto wa Kiafrika akapewa baba kutoka ng'ambo.

Walakini wakati huo wote palikuwapo kisa kingine cha baba na mwana katika Ziwa Viktoria lenyewe, kisiwani Ukerewe, safari ya chombo kutoka bandari ya Mwanza. Kisa hicho kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa Kikerewe tangu mwaka wa 1945, nacho kilikaa kimefungwa pasipo mchapaji. Mwandishi wake alikuwa Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa katika mwaka wa 1896, katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alifiwa na baba yake angali mtoto, akalelewa katika makao ya Omukama Mukaka, jamaa yake. Alisoma kwa Mapadre Weupe huko Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Hakuwa padre. Katika mwaka wa 1919 aliondoka seminari, akamwoa Anna Katura. Ndoa yao ilidumu muda mrefu sana, lakini watoto waliozaliwa hawakuishi. Kwa desturi ya wakati ule mwanamume wa namna hiyo angetazamiwa kuongeza mke, lakini Kitereza hakufanya hivyo. Basi mtu aliyemkosa baba utotoni, na kukosa watoto utu uzimani, ndiye aliyeandika kitabu kikubwa juu ya mume na mke wanaotafuta mtoto.

Padre Almas Simard, Mkanada, ndiye aliyemhimiza kuandika mila za Wakerewe kabla hazijasahauliwa. Kitereza alichagua kuziandika kwa njia ya hadithi, ili mambo ya kilimo, uvuvi, uganga, pombe na posa yaonekane yakitendwa na watu.

Hadithi inaanza na huzuni. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamtukana Bugonoka, na wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao. Myombekere hachukui silaha. Anawaendea wakwe zake kwa unyenyekevu, anahukumiwa kulipa pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, na baada ya kuilipa anarudishiwa mkewe. Kisha wanamwendea mganga, na kwa dawa zake Bugonoka anachukua mimba. Anazaliwa mtoto mwanamume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Maana ya jina la Ntulanalwo ni kwamba mtu hukaa nacho kifo siku zote. Ni jina la wazazi waliokwisha kuzoea msiba, wasiothubutu kujisifu kwa furaha yao.

Yafaa visa hivi viwili vilinganishwe, kwa maana vyote vyatazama nyuma kwenye zama zinazokaribiana. Mtungaji wa Kikerewe alitaka kuonyesha maisha ya kisiwa kabla Wazungu hawajayabadili. Na ikumbukwe kwamba Stanley alilizunguka ziwa hilo katika mwaka wa 1875. Huko North Fork sheria ni changa, kwa hiyo haki hukaa katika mkono wa mtu mmoja na bunduki yake. Tena bunduki yenyewe ni ya mfano wa Winchester uliotokea mwaka 1892, baada ya zama za kisa; watungaji walipenda silaha kuliko tarehe. Katika Ukerewe ya Kitereza sheria ni nzee. Imo katika vinywa vya wazee, katika adabu ya mkwe, na katika mitungi ya pombe. Anayetenda kosa hulipishwa, na akiisha kulipa hurudishwa katika ujamaa.

Tofauti kubwa zaidi ni mahali pa mama. Mchezo wa Marekani umemwondoa mama kabla kisa hakijaanza, ili baba na mwana wabaki peke yao. Katika kitabu cha Kitereza jambo hilo haliwezekani. Myombekere hawezi kuwa baba mpaka amrudishe mkewe, na sehemu kubwa ya mwanzo wa kitabu ni safari hiyo ya kumrudisha. Kwa Lucas McCain mwana yupo tayari, kazi ni kumfunza. Kwa Myombekere mwana ni neema inayotafutwa kwa miaka, na mafunzo huanza kwa baba kujifunza uvumilivu. Ndiyo sababu jina la kitabu humtaja bwana na bibi pamoja, na mwana na binti pamoja.

Lakini mchezo wa televisheni uliingia katika nyumba za watu mara tu ulipokamilika. Kitabu cha Kagunguli kilizungushwa bila mafanikio, kwa kuwa Kikerewe ni lugha ya wasomaji wachache, na hakuna mchapaji aliyeona faida. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mwanahistoria wa Kimarekani, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa uchunguzi, wakamshauri mzee Kitereza akitafsiri kwa Kiswahili. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka sabini, tena mgonjwa wa viungo. Hata hivyo aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Katika mwaka wa 1980 Tanzania Publishing House ilikitoa katika juzuu mbili, zilizochapwa China, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki katika mwezi wa Aprili 1981, kabla kitabu hakijamfikia mkononi.

Tangu hapo kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na katika mwaka wa 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe. Jambo hili lina somo kwa wachunguzi wa lugha. Kiswahili kilikiokoa kitabu, kwa maana pasipo Kiswahili huenda kingalikuwa bado sandukuni. Lakini Kiswahili kilichotumika ni cha mtu aliyefikiri kwa Kikerewe: mpangilio wa maamkizi, majina ya vyombo, mithali na heshima za ukweni vimevuka ziwa pamoja naye. Msomaji wa pwani huona ugeni katika ukurasa baada ya ukurasa. Ugeni huo usihesabiwe kuwa kosa. Ni amana, na kazi iliyobaki kwa wataalamu ni kuyaweka maandishi mawili bega kwa bega, ya Kikerewe na ya Kiswahili, na kuandika kwa uangalifu ni kipi kilichopatikana na ni kipi kilichopotea njiani, maadamu wako bado wazee wa kisiwani wanaoweza kuulizwa.