Kazi ya Kwanza, Usiku, Mbele ya Pazia Kubwa

Juzi binti yangu wa miaka 16 kaniomba ruhusa afanye kazi wakati wa likizo, kuuza vinywaji kwenye ukumbi mmoja unaofungwa saa tano usiku. Nilimjibu hapana kabla hajamaliza kusema. Usiku usingizi ukanikataa. Nikamkumbuka shangazi yangu wa Dar na masimulizi yake ya draivu-in ya Msasani, sinema uliyotazama ukiwa ndani ya gari. Nikaanza kusoma ilikotoka, na nilichokuta ni habari za watoto wa umri wa binti yangu wakifanya kazi usiku. Kaeni kitako.

Mwanzo ni Marekani. Richard Hollingshead, wa mji wa Camden huko New Jersey, alitundika shuka baina ya miti nyumbani kwake, akaweka projekta juu ya boneti ya gari na redio nyuma ya shuka. Tarehe 6 Juni 1933 akafungua sinema yake. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, lakini gari zima halikulipa zaidi ya dola 1. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari yalipoongezeka na watoto wakazaliwa kwa wingi, sinema hizi zilichipuka kama uyoga. Kufikia mwaka 1958 zilikuwa zaidi ya 4,000.

Kina mama walizipenda, na sababu tunaijua sote. Hakuna kujipamba, hakuna kumtafutia mtoto mlezi. Watoto walivalishwa kabisa nguo za kulalia, wakacheza bembea chini ya pazia mpaka kiza kiingie, kisha wakasinzia kiti cha nyuma.

Sasa nani aliendesha shughuli zote hizo? Mara nyingi mwenye sinema na familia yake, na vijana wa shule. Kazi ilikuwa ya jioni, ya msimu wa joto, na haikuhitaji ujuzi mkubwa. Mvulana mwenye tochi aliyaongoza magari yapande kwenye vituta, ili pua ya gari iinuke na aliyeko nyuma aone. Kila kituta kilikuwa na nguzo zenye spika ndogo, unaichukua na kuitundika kwenye dirisha la gari lako. Watu wakisahau, wanaondoka nayo, waya umekatika! Kesho yake kijana huyohuyo anazunguka na bisibisi, anaunganisha waya na kuokota taka zilizoachwa usiku.

Wasichana wengi waliwekwa kaunta. Na hapa ndipo palipokuwa na pesa, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za tiketi ilikwenda kwa wenye filamu, na faida ya mwenye sinema ilitoka kwenye bisi, soda na mikate ya soseji. Mapumziko kati ya filamu mbili yalikuwa mafupi, na saa ilionyeshwa kwenye pazia ikihesabu dakika zilizobaki. Fikiria msichana wa miaka 16, foleni imefika mlangoni, mafuta yanachemka, anahesabu chenji kichwani, na droo ikipungua ataulizwa yeye. Wengine waliuza hata dawa ya mbu ya kuchoma.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa getini. Vijana walikuwa wakijificha kwenye buti la gari wasilipe kiingilio. Mtoto wa kibanda cha tiketi anaona gari lina dereva mmoja tu, nyuma limelala chini kama limebeba saruji, na dereva ni mwanafunzi mwenzake. Akifungua buti, Jumatatu shuleni hana rafiki. Akinyamaza, anamwibia aliyemwamini. Sinema nyingine ziliamua kutoza bei moja kwa gari zima, na mtihani huo ukaisha.

Wazazi nao walikuwa na hofu zao. Magazeti yalizichora draivu-in kama pango la mapenzi ya vijana, na si uongo mtupu. Mwenye kutumwa na tochi kugonga vioo vilivyojaa mvuke naye alikuwa mtoto tu. Tena saa zilizidi kusogea: sheria ya mwaka 1966 ilieneza desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa joto, jua likawa linachelewa kuzama kwa saa ya ukutani, filamu ikachelewa kuanza, na mfanyakazi akarudi nyumbani saa sita imeshapita. Wala tusipambe mambo: majimbo ya kusini, Waamerika weusi walitengewa upande wao au walikataliwa kabisa getini, na aliyesimama getini mara nyingine alikuwa kijana huyohuyo.

Video za nyumbani na bei ya ardhi zilizimaliza nyingi. Leo zimebaki takriban 300.

Ya Dar ilijengwa miaka ya 1960. Shangazi anasema walibeba sambusa na chai ya chupa kutoka nyumbani, na yeye akiwatazama zaidi waliokuwa wakihudumia kuliko filamu yenyewe, akitamani aambiwe, njoo na wewe. Babu hakutaka hata kusikia. Ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa kwenye kiwanja hichohicho cha draivu-in. Ukipita leo utaona ukuta mrefu na walinzi.

Nilimpigia shangazi simu kumweleza kuhusu binti yangu. Aliuliza swali moja tu: "Nani atamrudisha nyumbani?" Sikuwa na jibu. Baba yake anarudi safari Ijumaa, na gari ni la kwake.