Stenosisi ya vali ya mitrali

Stenosisi ni kusinyaa kwa njia yoyote ya mwili, iwe ya damu, ya mkojo au ya uti wa mgongo. Katika Kongo, inayopaswa kujulikana zaidi ni ya vali ya mitrali, mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukibaki na 1.5 au pungufu, ugonjwa ni mkali. Damu isiyopita hujaa nyuma hadi mapafuni, na mgonjwa huishiwa pumzi akipanda kilima au akilala chali. Chumba cha juu hutanuka, mapigo huvurugika, damu huganda humo, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, kwa kuwa mimba huongeza damu karibu nusu, nayo haiwezi kuupita vizuri mlango uliosinyaa.

Chanzo chake hasa ni koo la mtoto. Bakteria wa streptokoka wasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huacha makovu kwenye vali. Uchunguzi wa wanafunzi wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta moyo ulioharibiwa hivyo kwa watoto wapatao 14 katika kila 1,000.

Husemwa kuwa huu ni ugonjwa wa hospitali kubwa. Kutanua vali kwa puto, njia aliyoibuni Mjapani Kanji Inoue mnamo 1982, kweli hakufanyiki Kabambare, mkoani Maniema. Lakini kinga haihitaji puto. Huko Gulu, Uganda, watoto wenye ugonjwa wa mwanzo usio na dalili walidungwa penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 tu ya watoto hao, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Itapingwa kwamba watoto hao walitambuliwa kwa ekografia, mashine ambayo vijiji vya Lusangi, huko Kabambare, havina. Ni kweli, na kwa hiyo wengine watatupita. Hata hivyo, koo linalouma pamoja na homa, au viungo vinavyovimba kwa zamu, muuguzi huviona kwa macho. Kasongo, nayo ya Maniema, inaijua kazi hii ya muuguzi: mradi wake wa afya ulioanza 1971, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, uliegemea vituo vinavyoongozwa na wauguzi, ukawa mfano kwa zoni za afya za nchi nzima.

Mzazi, mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, mpeleke kituoni. Akiandikiwa sindano za kila mwezi, asiziache hata akijisikia mzima.