Skrini za rangi za zamani na bati la Maniema

Wasikilizaji wa Kibombo wanajua televizyo zile nene, zenye mgongo mrefu. Skrini za kwanza za rangi za kompyuta zilikuwa ndugu zake. Mwaka 1983 kampuni IBM ya Marekani ilitoa moja, nambari 5153. Rangi zake zilikuwa 16 tu, na ndani yake mafundi waliweka sakiti ndogo ya kazi moja: kupunguza kijani ndani ya manjano iliyokolea, ili itoke rangi ya kahawia. Ni kazi nyingi kwa ajili ya rangi moja!

Bomba lenyewe ni la zamani zaidi; Mjerumani Karl Ferdinand Braun alilitengeneza mwaka 1897. Lakini kwa watu wa hapa jambo kubwa liko nyuma ya kioo, kwenye vifaa vilivyoshikwa kwa lehemu. Lehemu ya wakati ule ilikuwa bati na risasi, na mara nyingi bati lilifika asilimia 60. Bati, Maniema inalijua. Symétain ilianza mwaka 1932 na kuchimba Kalima. Mwaka 1976 iliunganishwa na kampuni nyingine ikawa Sominki.

Mtu angefikiri kompyuta zikiongezeka, mgodi utatajirika. Haikuwa hivyo. Skrini moja hula bati kidogo sana, na soko lilikuwa limejaa bati la nchi nyingine, Brazili ikiwemo. Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililoshikilia bei liliishiwa pesa huko London, bei ikaanguka. Mwaka huohuo Commodore ilitoa kompyuta Amiga, ikisifiwa kwa rangi zake 4096. Huko watu walifurahia rangi. Huku Sominki ilidhoofika, na wachimbaji wakabaki na koleo na karai. Miaka ya 1990 kampuni ikafa, vita vikafuata, familia zikahama.

Leo skrini za namna hiyo hutupwa, na watoto huzivunja wakitafuta waya wa shaba uliozungushwa kwenye shingo ya bomba. Hapo pana hatari tatu. Ndani hamna hewa, kwa hiyo kioo kikipasuka vipande huruka kwa nguvu. Kioo cha nyuma kina risasi, sumu mbaya hasa kwa watoto wadogo. Tena bomba huweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa kwenye ukuta. Waya huo uachwe kwa fundi anayejua kuutoa umeme huo kwanza.