Shule ya Tiba ya ELAM nchini Cuba: Ufadhili, Maisha ya Wanafunzi na Utambuzi wa Shahada

Shule ya Tiba ya Amerika ya Kilatini, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kihispania, ELAM, ipo ufukweni magharibi mwa jiji la Havana, Cuba, katika majengo yaliyokuwa chuo cha jeshi la wanamaji. Ilizinduliwa rasmi tarehe 15 Novemba, 1999. Tangu wakati huo imehitimisha madaktari zaidi ya 30,000 kutoka nchi zaidi ya 100, wengi wao vijana ambao familia zao zisingemudu gharama za masomo ya udaktari kwingineko.

Chimbuko la shule hiyo ni maafa. Mwaka 1998 vimbunga viwili, Georges na Mitch, vilipiga visiwa vya Karibi na nchi za Amerika ya Kati kwa kufuatana. Mitch pekee kiliua watu wanaokadiriwa kuzidi 10,000, hasa nchini Honduras na Nicaragua. Cuba ilipeleka madaktari, na madaktari hao wakakuta vijiji ambavyo havijawahi kuwa na daktari hata kabla ya kimbunga. Uamuzi uliofuata ulikuwa kufundisha vijana wa vijiji hivyo wenyewe, ili msaada usiondoke siku ambayo wageni wangeondoka.

Muombaji wa ufadhili hutakiwa kuwa amemaliza elimu ya sekondari ya juu akiwa na msingi mzuri wa masomo ya sayansi, mwenye afya njema, na kwa kawaida asiyezidi umri wa miaka 25. Asiyejua Kihispania huanza na mafunzo ya lugha pamoja na maandalizi ya sayansi kabla ya kuingia katika programu ya miaka sita. Aliyepata ufadhili halipi ada. Malazi, chakula, vitabu na sare hugharamiwa na Cuba. Hata hivyo, nchi hiyo hupokea pia wanafunzi wa tiba wanaojilipia. Kwa sababu hiyo, anayeambiwa kuwa amepata "nafasi Cuba" anapaswa kusoma barua yake kwa makini na kujua ni nafasi ya aina gani, kabla ya mzazi kuuza shamba kwa ajili ya nauli.

Miaka miwili ya mwanzo hufanyika katika kampasi ya Havana, ambako wanafunzi husoma anatomia, fiziolojia na sayansi nyingine za msingi. Baadaye hugawanywa katika vyuo vikuu vya tiba vya mikoa mbalimbali, ambako hujifunza hospitalini na katika vituo vya daktari wa familia. Mfumo huo wa daktari na muuguzi wanaoishi katika mtaa wanaouhudumia ulianza Cuba mwaka 1984, na ndio kiini cha mafunzo yote. Mwanafunzi hufundishwa kumtembelea mgonjwa nyumbani, kuona maji anayokunywa na kujua anaishi na nani. Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia kisiwani, wanafunzi wa tiba walitumwa nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana homa na nani anakohoa. Kwao hilo halikuwa jambo geni, kwani katika misimu ya homa ya dengue hufanya kazi hiyohiyo.

Maisha ya bweni si ya anasa. Vyumba ni vya pamoja, wali na maharage ni chakula cha kila mara, na posho iliyotajwa kwa miaka mingi ni peso 100 za Cuba kwa mwezi, kiasi ambacho kwa bei ya kubadilisha fedha ya wakati huo hakikuzidi sana dola 4 za Marekani. Intaneti ya simu ya mkononi ilianza kutolewa kwa wananchi wote Desemba 2018 tu. Kabla ya hapo, mzazi aliyezoea kumpigia mwanawe kila jioni alilazimika kujifunza subira. Uhaba wa umeme umeongezeka katika miaka ya karibuni, na Oktoba 2024 gridi ya taifa ilizimika nchi nzima. Dawa na vifaa pia ni haba, hali ambayo Serikali ya Cuba huihusisha na vikwazo vya kiuchumi vya Marekani. Pamoja na vikwazo hivyo, vijana wa Marekani nao wamesoma ELAM, kufuatia nafasi zilizotolewa mwaka 2000 kwa jamii zenye upungufu wa madaktari nchini humo.

Kinachodaiwa kwa ufadhili huo ni ahadi ya kurudi na kuhudumia maeneo yenye uhitaji. Ahadi hiyo ni ya kimaadili, haina nguvu ya mkataba wa kisheria, na wapo wanaoitekeleza kwa vitendo. Luther Castillo, mhitimu wa kundi la kwanza la mwaka 2005, alirudi kwa jamii yake ya Wagarifuna katika pwani ya Honduras na kushiriki kujenga hospitali ya Ciriboya, iliyofunguliwa mwaka 2007 mahali ambapo barabara yenyewe ilikuwa shida. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, mamia ya wahitimu wa nchi mbalimbali walijiunga na madaktari wa Cuba kutoa huduma huko.

Nia njema, hata hivyo, haitoi leseni. Hapa ndipo wahitimu wengi wamekwama. Kila nchi ina mamlaka yake ya kusajili madaktari, na shahada ya Havana haimpi mtu haki ya kutibu Santiago, São Paulo wala Dodoma. Chile humtaka mhitimu wa nje kufaulu mtihani wa taifa wa udaktari. Brazil ina mtihani maalumu wa kuhuisha shahada za kigeni, uitwao Revalida. Afrika Kusini, ambayo imekuwa ikipeleka wanafunzi Cuba tangu miaka ya 1990 kwa makubaliano ya Serikali hizo mbili, iliweka utaratibu wa kuwarejesha ili wamalizie mafunzo katika vyuo vikuu vya nyumbani.

Utaratibu huo una sababu za kitabibu. Shirika la Afya Duniani liliitambua Cuba kuwa nchi isiyo na malaria mwaka 1973, na mwaka 2015 ikawa ya kwanza duniani kuthibitishwa kutokomeza maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hayo ni mafanikio makubwa kwa Wacuba, lakini maana yake ni kwamba kijana anaweza kumaliza miaka sita bila kumhudumia mtoto mwenye malaria kali, mgonjwa ambaye daktari wa Kigoma au Mtwara hukutana naye tangu wiki ya kwanza kazini. Aidha, amejifunza istilahi zote kwa Kihispania, ilhali kumbukumbu za wagonjwa hospitalini Tanzania huandikwa kwa Kiingereza.

Kwa Mtanzania anayekusudia kusoma udaktari nje ya nchi, hatua ya kwanza ni kupata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kuondoka. Akirejea, shahada yake hufanyiwa tathmini na Tume hiyo, kisha hufuata taratibu za Baraza la Madaktari Tanganyika, ikiwemo utarajali wa mwaka mmoja, ndipo apate usajili kamili. Zanzibar ina baraza lake. Matokeo ya masomo, silabasi na cheti hutolewa kwa Kihispania, hivyo ni vyema vitafsiriwe na kuthibitishwa na mamlaka za Cuba mhitimu akiwa bado huko, kwa kuwa kuvifuatilia kutoka Dar es Salaam huchukua muda mrefu zaidi.